Wanafunzi 45, hati moja: kazi ya pamoja mtandaoni inaharibikia wapi?

SWALI: Ninafundisha sayansi, darasa la wanafunzi 45 wenye umri wa miaka 12 hadi 14. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine 15 na intaneti inayokatikakatika. Muhula uliopita niliwagawa katika vikundi vya watu watano, kila kikundi nikakifungulia hati ya pamoja mtandaoni waandike ripoti kuhusu volkano. Mwanzo ilikuwa vurugu tupu: huyu anaandika, yule anafuta, wa tatu anabadili rangi za herufi. Mwishowe ripoti zilikuja nzuri, ila karibu kila kikundi kazi ilifanywa na watoto wawili tu. Mwalimu mwenzangu ananiambia tovuti hizi ni kupoteza muda. Je, nilichagua tovuti mbaya? Nitumie ipi? Na alama nizitoeje kwa haki?

JIBU: Mwalimu, tovuti haina kosa. Kilichokuangusha ni kazi yenyewe. Ripoti kuhusu volkano ni kitu ambacho mtoto mmoja mwenye bidii anakimaliza peke yake, tena upesi kuliko akiwasubiri wenzake wanne. Watoto huling'amua hilo mapema kuliko sisi. Wale wawili wenye bidii wakaona kusubiri ni mateso, na wale watatu wakaona hawahitajiki, nao hawakukosea. Ungewapa karatasi na kalamu badala ya kompyuta, mambo yangekwenda vilevile, isipokuwa tu usingeyaona waziwazi namna hiyo.

Jambo hili lina historia ndefu kuliko intaneti. Mwishoni mwa karne ya 19 mhandisi wa kilimo wa Kifaransa, Max Ringelmann, aliwapanga watu wavute kamba, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makundi, akipima nguvu. Matokeo yake aliyachapisha mwaka 1913. Watu wanane wakivuta pamoja, kila mmoja alitoa takriban nusu tu ya nguvu aliyoitoa alipokuwa peke yake. Wanasaikolojia waliorudia majaribio ya aina hiyo katika miaka ya 1970 walitenganisha sababu mbili. Ya kwanza ni kukosa mpango: watu hawavuti kwa wakati mmoja, wanagongana. Ya pili ni kutegea: mtu akijua nguvu yake haitaonekana, anaipunguza, mara nyingi bila hata kukusudia. Sasa rudi kwenye barua yako. Vurugu za mwanzo ni sababu ya kwanza. Watoto wawili kubeba mzigo wa watano ni sababu ya pili. Kila darasa lina bango la "umoja ni nguvu" ukutani, lakini kamba ya Ringelmann ilisema vingine, na hati zako za volkano zimeungana nayo.

Nakupa dawa ya kila moja. Naanza na ya pili kwa sababu ndiyo ngumu.

Mwaka 1971, katika shule za Austin, Texas, zilizokuwa zimeanza kuchanganya watoto wa rangi mbalimbali huku chuki ikichemka madarasani, mwanasaikolojia Elliot Aronson alibuni njia inayokata somo vipande kama fumbo la picha. Kila mwanafunzi katika kikundi anapewa kipande chake, na hakuna mwingine katika kikundi aliye nacho. Kabla ya kurudi kwa wenzake anakutana na wale wa vikundi vingine wenye kipande kama chake, wanakisoma pamoja hadi kieleweke. Kisha anakwenda kuwafundisha wenzake. Mtoto aliyekuwa anadharauliwa anajikuta ana kitu ambacho wote wanakihitaji. Hapakuwa na kompyuta hata moja, lakini ukiichukua njia hii na kuiweka juu ya hati ya pamoja, unapata kile ambacho watengenezaji wa tovuti hizi hutuahidi.

Tuikate upya kazi yako. Acha "andikeni kuhusu volkano." Chukua tukio moja: Nevado del Ruiz, Kolombia, tarehe 13 Novemba 1985. Mlipuko mkuu ulitokea saa tatu usiku, na saa tano na nusu hivi tope zito lililoshuka kwenye bonde la mto likaufunika mji wa Armero. Zaidi ya watu 20,000 walifariki. Swali la kikundi liwe moja: mji huo ungehamishwa lini, na kwa ushahidi upi? Mwanafunzi wa kwanza anapewa maelezo ya barafu iliyokuwa kileleni na kinachotokea ikiyeyushwa ghafla. Wa pili anapewa ramani ya mito inayoshuka kutoka mlimani. Wa tatu anapewa historia, kwamba mtiririko wa tope ulikwishapita eneo hilo mwaka 1595 na tena 1845. Wa nne anapewa mfuatano wa siku ile, kuanzia mlipuko mdogo wa alasiri na majivu yaliyoanguka mjini kabla ya giza. Wa tano anapewa habari kwamba ramani ya maeneo ya hatari ilikuwa imeshatolewa wiki kadhaa kabla. (Ni habari ya huzuni, najua. Watoto wa umri huo wanaiweza, mradi picha za kutisha uzizuie.) Mwenye barafu bila mwenye ramani hajui maji yataelekea wapi. Mwenye ramani bila mwenye historia atadhani mji ulio zaidi ya kilomita 40 kutoka kileleni uko salama. Hapa hata yule mwenye bidii kupita wote lazima amgeukie mwenzake na kumuuliza.

Huu ndio mtihani ninaoutumia kabla ya kufungua tovuti yoyote: je, mtoto mmoja akifungiwa chumbani na kitabu anaweza kuimaliza kazi hii? Kama anaweza, basi mwalimu mwenzako amesema kweli, ni kupoteza muda. Insha binafsi, mazoezi ya hesabu, ufupisho wa sura moja ya kitabu: hizo ziache kwenye daftari.

Kuna aina nyingine ya kazi ambayo kwa mwalimu wa sayansi naipenda hata kuliko fumbo la Aronson, nayo ni jedwali la pamoja la vipimo. Mpe kila kikundi uzi na kitu kizito, wapime pendulamu. Vikundi viwili wafunge uzi wa sentimita 25, viwili sentimita 50, vingine mita moja, kila kikundi kihesabu muda wa mizunguko kumi na kuuingiza kwenye safu yake. Jedwali liwe moja kwa darasa zima, liko ukutani kwa projekta, na grafu yake inajichora kadiri namba zinavyoingia. Uzi wa mita moja hutoa karibu sekunde 20, wa nusu mita sekunde 14 na kidogo, wa robo mita sekunde 10. Halafu nukta moja inaanguka mbali kabisa: kikundi fulani chenye uzi wa mita moja kimeandika sekunde 10.

Usiseme neno. Ngoja. Hazitapita dakika mbili kabla mtu hajauliza, "Nani hawa?" Kisha utasikia mjadala: uzi wao mfupi? Saa yao mbovu? Mpaka mmoja awaombe wahesabu kwa sauti, na darasa zima lisikie "moja" wakati wa kwenda na "mbili" wakati wa kurudi. Wamehesabu nusu mzunguko kama mzunguko mzima. Kosa hilo kwenye daftari lingepigwa mkasi mwekundu siku tatu baadaye na kusahaulika. Kwenye jedwali la pamoja limegeuka somo la jinsi wanasayansi wanavyokaguana, na mwenye kulifundisha si wewe. Watoto wa kikundi hicho wataona haya kidogo, kwa hiyo waombe wao wenyewe wapime tena na kusahihisha namba mbele ya wenzao. Nukta ikiruka kurudi mahali pake, hupigiwa makofi.

Tuje kwenye vurugu za dakika za mwanzo. Mtoto akikabidhiwa kwa mara ya kwanza ukurasa ambao anaona maneno ya mwenzake yakijiandika yenyewe, atacheza. Hilo halizuiliki, kwa hiyo lipangie wakati. Kipindi cha kwanza kabisa wape hati isiyo na thamani yoyote, waambie wana dakika tano za kuivuruga watakavyo: wafute, wabadili rangi, waandike majina yao mara mia. Dakika tano zikiisha, waambie waachie kibodi, kisha kwenye projekta fungua historia ya matoleo na urudishe ukurasa ulivyokuwa dakika ya kwanza. Chumba hunyamaza. Wamejifunza mambo mawili kwa mpigo: kwamba hakuna kitu kinachopotea moja kwa moja, na kwamba kila aliyefuta anaonekana, kwa jina na saa. Baada ya hapo wafundishe kila mmoja kurudisha toleo la nyuma kwa mkono wake. Mtoto anayejua kurudisha hapigi kelele akifutiwa sentensi, anairudisha na kuendelea.

Ila historia hiyo inafaa tu ikiwa kila mtu ameingia kwa akaunti yake, au angalau ameandika jina lake. Ukitumia Google Docs na kuwagawia kiungo cha "yeyote mwenye kiungo anaweza kuhariri", wasioingia kwa akaunti wataonekana kama wanyama wasio na majina, na hutajua nani kaandika nini. Nadhani hata alama zako za muhula uliopita zilikwama hapo.

Baada ya vurugu kupita, utakutana na tatizo la upande wa pili ambalo hujalitaja, lakini litakuja: adabu iliyopitiliza. Watoto wakishaelewa kwamba wanaonekana, hawathubutu tena kugusa sentensi ya mwenzao. Kila mmoja anaandika aya yake, anaiwekea mpaka, na ripoti inakuwa insha tano zilizogandishwa pamoja. Ukiwauliza, watakwambia kumsahihisha mwenzako ni kumdhalilisha. Na kweli, akifuta kimyakimya, ni kumdhalilisha. Kwa hiyo sheria yangu ni kwamba hakuna kugusa aya ya mtu kabla ya kumwachia swali pembeni, kwenye sehemu ya maoni. Swali, si hukumu. "Hapa pabaya" hairuhusiwi.

Nikuonyeshe jinsi inavyokwenda katika ukurasa mmoja wa darasa nililolisimamia. Mtoto wa kwanza aliandika: "Volkano hulipuka kwa sababu ya joto." Mwenzake akaweka oni pembeni: "Joto gani? Hata jua lina joto na hatulipuki." Wa kwanza akarudi, akaongeza: "Volkano hulipuka kwa sababu ya magma yenye joto kali inayopanda juu." Akaulizwa tena, mara hii na mtu wa tatu: "Kuna volkano zinazomwaga lava taratibu bila kulipuka. Hizo magma yake haipandi?" Swali hilo lilikaa siku mbili bila jibu. Kisha likaja toleo hili: "Magma ina gesi zilizoyeyuka ndani yake. Inapopanda, mgandamizo unapungua na gesi zinatoka kama mapovu ya soda unapofungua chupa. Magma ikiwa nzito, mapovu hayapati njia, ndipo inalipuka. Ikiwa nyepesi, gesi zinatoka na lava inatiririka." Aya moja, sentensi nne, mikono mitatu, na hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeifikia peke yake siku ya kwanza. Ningepewa ukurasa uliokamilika tu, ningedhani wameinakili mahali. Historia ndiyo iliyonionyesha kwamba wameielewa.

Hapo ndipo lilipo jibu lako kuhusu alama. Tathmini safari ya maandishi pamoja na mwisho wake, na historia ya matoleo itakupa ushahidi. Ila usihesabu maneno! Kuna walimu wanaotoa alama kwa idadi ya maneno au mabadiliko ya kila mwanafunzi, na watoto hujua la kufanya: wanajaza maneno, wanafuta nukta na kuirudisha, wanaandika "pia" mara kumi na mbili. Aliyeuliza "joto gani?" aliandika maneno machache kuliko wote na ndiye aliyeifungua aya ile.

Ninachofanya ni hiki. Sehemu moja ya alama ni ya kikundi, kwa ukurasa uliokamilika. Sehemu nyingine, iliyo sawa na hiyo au kubwa zaidi, ni ya mtu binafsi: kila mwanafunzi anachagua mabadiliko matatu aliyoyafanya, angalau moja likiwa kwenye aya ya mwenzake, na anaeleza kwa sentensi mbili tatu kwa nini aliyafanya. Anaandika kwenye karatasi, tena darasani, bila kompyuta. Mimi nafungua historia na kulinganisha. Aliyetegea hana cha kuchagua, na aliyebeba kila kitu anagundua kwamba kufanya kazi ya wengine hakumwongezei alama. Ni kazi kwako, sikufichi, ila unasoma karatasi za nusu ukurasa badala ya ripoti ndefu zinazofanana.

Siku hizi kuna jambo la ziada. Utakuta aya nzima imeingia kwa mpigo, imenyooka, haina kosa hata la mkato. Inawezekana imetoka kwenye programu ya akili bandia au imenakiliwa kwenye tovuti. Inawezekana pia mtoto aliiandika nyumbani kwenye simu akaja kuibandika. Historia inakwambia imebandikwa, haikwambii imetoka wapi, kwa hiyo usianze na shutuma. Mwache mwenzake aweke swali pembeni. Mwenye kuielewa aya yake atajibu, asiyeielewa atakwama mbele ya kikundi chake, na kikundi kitamdai maelezo kabla yako.

Sasa tovuti. Uliuliza hili kwanza, mimi nimeliacha hadi hapa kwa makusudi. Zipo familia tatu hivi zinazokuhusu. Ya kwanza ni hati za papo kwa papo, kama Google Docs, Word ya mtandaoni na Etherpad, ambapo wote wanaandika kwa wakati mmoja. Zinafaa kwa kazi ya kipindi kimoja au viwili na kwa majedwali. Ya pili ni wiki, aina ya tovuti ambayo Ward Cunningham aliianzisha mwaka 1995: kurasa nyingi zinazounganishwa kwa viungo, na mtu anahariri ukurasa, anahifadhi, anaandika kwa ufupi alichobadilisha. Wiki ni ya polepole na haipendezi machoni, lakini kwa kazi ya muhula mzima, kama kamusi ya istilahi za sayansi ya darasa lenu inayorithiwa na darasa la mwakani, haina mpinzani. Ule muhtasari mdogo wa mabadiliko unaodaiwa kila unapohifadhi unamfundisha mtoto kujieleza bila wewe kusema neno. Kama shule yenu inatumia Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, tayari mnayo wiki ndani yake, pamoja na faharasa ya pamoja na warsha ya wanafunzi kutathminiana. Ya tatu ni mbao za kubandika vijikaratasi, kama Padlet. Hizi nazitumia dakika kumi za mwanzo wa somo kukusanya maswali, basi. Kwa kawaida hakuna anayehariri cha mwenzake, kwa hiyo usizitegemee kwa zaidi ya hapo.

Ukinilazimisha nichague moja kwa hali yako, nitasema Etherpad, na sababu nitaieleza nikifika kwenye mashine zako 15.

Lakini usioe tovuti. Wikispaces, iliyotumiwa na walimu wengi duniani kwa wiki za madarasa, ilifunga huduma zake za bure na za shule mwaka 2018. Jamboard ya Google ilizimwa tarehe 31 Desemba 2024, na Flip ya Microsoft ilifungwa kama tovuti inayojitegemea mwaka huohuo. Kwa hiyo kila mwisho wa muhula pakua kazi zote, uzihifadhi katika faili zinazofunguka popote. Tovuti isiyokuruhusu kupakua kazi yako usiiguse, hata ikiwa na rangi za kuvutia kiasi gani.

Halafu umri. Wanafunzi wako wengine wana miaka 12, na hilo si jambo la kupita juu yake. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayolinda faragha ya watoto mtandaoni inazitaka kampuni zipate idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya miaka 13, ndiyo maana huduma nyingi zimeweka mpaka wao hapo. Kanuni ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika 2018, inaweka miaka 16, na kila nchi mwanachama inaweza kushusha hadi 13. Nchi yako inaweza kuwa na sheria yake, kwa hiyo muulize mkuu wa shule kabla ya kumfungulia mtoto yeyote akaunti. Wala usimwambie mtoto adanganye mwaka wake wa kuzaliwa. Walimu hufanya hivyo kwa haraka ya kipindi, na mtoto anajifunza kwamba fomu za mtandaoni ni za kudanganya. Popote utakapoandika, tumia jina la kwanza au herufi za mwanzo, bila picha za sura, na kiungo cha kuhariri kisitoke nje ya darasa.

Kuhusu Wikipedia, ambayo hukuiuliza lakini utashawishika nayo kwa sababu ndiyo kazi ya pamoja kubwa kuliko zote: isomeni kabla ya kuiandika. Fungua makala ya volkano, bofya ukurasa wa majadiliano na ule wa historia, uwaonyeshe watu wazima wakibishana juu ya sentensi moja na kudaiana vyanzo. Kipindi kimoja cha hivyo kinafundisha mengi kuliko onyo la "msinakili Wikipedia". Toleo la Kiswahili lipo tangu 2003 na lina makala nyingi fupi zinazohitaji mkono, hivyo kwa wanafunzi wakubwa kazi nzuri ya kuanzia ni kuongeza chanzo kimoja kinachoaminika au kunyoosha aya iliyotafsiriwa vibaya. Ila usifungamanishe alama na kubaki kwa maandishi yao pale. Wahariri wa kujitolea hawajui kwamba ni kazi ya shule, na hawalazimiki kujua. Wataifuta isipotimiza kanuni, na mtoto asiadhibiwe mara mbili.

Nimalizie na mashine 15 na intaneti inayokatika. Hesabu yako ni watoto watatu kwa mashine, na hiyo si mbaya kama inavyoonekana, mradi usiwaache watatu wagombanie kibodi moja. Mmoja anaandika, mmoja anasoma chanzo kwa sauti, mmoja anafuatilia maoni yanayoingia kutoka kwa wengine na kuyajibu. Badilisha nafasi kila dakika kumi na mbili kwa saa, si kwa kuelewana. Kwa kuwa watatu wanatumia mashine moja, historia itaonyesha jina moja, basi kila anayeshika kibodi aanze na herufi za jina lake kwenye mabano. Kikundi cha watu watano punguza kiwe cha watu watatu, mashine moja kwa kikundi. Kazi ya Armero unaweza kuibana iwe na vipande vitatu: barafu na ramani ya mito vikae pamoja, historia na ramani ya hatari pamoja, mfuatano wa siku ile peke yake. Vikundi vitakuwa 15, kwa hiyo kila kipande kitasomwa na watoto 15. Wagawe katika meza tatu nne wanapokisoma.

Ama kuhusu intaneti, huihitaji kwa kazi hii. Etherpad ni programu huria. Inasimikwa kwenye kompyuta moja, hata ya zamani, na zile nyingine zinaifikia kwa mtandao wa ndani wa chumba kupitia kivinjari cha kawaida. Haidai akaunti. Mtoto anaandika jina, anachagua rangi, na anaanza, na kila herufi inabaki na rangi ya mwandishi wake. Ina kitelezo cha wakati kinachocheza ukurasa tangu ulipokuwa mtupu, ambacho watoto hupenda kukitazama kama filamu. Ukitaka wiki badala yake, DokuWiki inakaa kwenye kompyuta hiyohiyo, haihitaji hifadhidata, na huhifadhi kila ukurasa kama faili la maandishi matupu unaloweza kunakili kwenye diski mweko. Na Wikipedia nzima ya Kiswahili inapakuliwa mara moja kwa programu iitwayo Kiwix, kisha inasomwa bila mtandao wowote. Mtafute mtu wa kompyuta shuleni au mzazi mwenye ujuzi. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo mpe siku mbili, na umwombe akuwekee nakala ya akiba inayojihifadhi yenyewe kila jioni.